Maji ya Kunde kwenye Uso wa Babu

Natangaza rasmi, mbele ya umma wote unaojua kusoma, kwamba likizo hii niliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Nyuso na Ngozi. Kwa lugha ya nyumbani: nilikuwa naosha brashi za shangazi.

Shangazi hutengeneza vijisanamu. Wasanifu majengo humwagiza watu wa kusimamisha kwenye mifano midogo ya majengo yao, watu wa kimo cha kidole gumba, naye huwapaka rangi kwenye meza ya dirishani, chumbani kwake, akiwa amevaa miwani juu ya miwani. Lakini safari hii wasanifu waliambiwa wasubiri. Alikuwa anamtengeneza babu, yaani baba yake, aliyefariki kabla sijazaliwa. Alimkalisha kitini, ameinama kidogo, anafunga kamba za viatu. Bibi alikuwa amekuja kutusalimia na angeondoka Jumapili. Shangazi alitaka mama yake aondoke na mumewe mkononi.

Tatizo lilikuwa ngozi. Picha pekee ya babu haikuwa ya rangi. Shangazi alikuwa ameshampaka mara mbili na kumfuta mara mbili. Mara ya kwanza bibi alimsogeza karibu na jicho lake lililo zima, akamtazama kwa adabu, akauliza, "Huyu mgeni amepewa chai?" Mara ya pili alisema tu, "Mh. Huyu anaumwa."

Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka.

"Macho ya mama yanafifia," aliniambia tuliporudi chumbani. "Nataka amwone baba wakati bado anaona."

"Kwani huo ugonjwa wa babu ulitoka wapi?"

"Nilitumia nyeupe kumng'arisha. Ngozi nyeusi ukiitia nyeupe inapauka, kama mtu aliyeoga akasahau mafuta. Inataka njano iliyofifia na chembe ya nyekundu. Na penye kivuli usiweke nyeusi, weka bluu kidogo."

Nilitikisa kichwa kama mkaguzi wa shule. Shangazi akapaza sauti kuelekea jikoni. "Mama, hivi baba alikuwa na rangi gani hasa?"

"Maji ya kunde. Si nimeshakwambia?"

"Watu wa maji ya kunde wako wengi, mama. Maji ya kunde ya namna gani?"

"Ya baba yako."

Sasa, msomaji, mtu aliyelelewa bwenini kama mimi hawezi kusikia maneno hayo, huku sufuria ya kunde inachemka jikoni, akabaki raia mwema. Nilichota maji yale, nikayachuja, nikayapoza, nikayamimina kwenye kikombe ambamo shangazi huchovya brashi ili kuzimua rangi. Mpango ulikuwa rahisi. Angenusa, angekunja pua, nami ningesema kwa unyenyekevu: uliagiza maji ya kunde, shangazi, nimeleta.

Nilisahau kwamba alikuwa na mafua. Hakunusa kitu. Alichovya, akazimua, akapaka. Akaanza na rangi nzito kwenye mashavu yaliyobonyea, kisha nyepesi kwenye paji la uso, juu ya pua, kwenye mifupa ya mashavu, tabaka jembamba juu ya jembamba, akisubiri kila moja likauke. Kumkatiza mtu katika hali ile ni kama kupiga chafya msikitini au kanisani. Alimaliza uso, akaiacha mikono kwa siku ya pili. Utani wangu ulichacha mdomoni, na jioni nilikimwaga kikombe kimyakimya.

Asubuhi bibi alimchukua babu dirishani. Alikaa naye sana.

"Ndiye," alisema, akaketi kitandani. "Hata ule mnuno wake wa asubuhi anao."

Shangazi alipenga kamasi, na safari hii mafua yalisingiziwa.

Ikabaki mikono. Alichukua vichupa vilevile, akachanganya vilevile, na mikono ikatoka inang'aa, tena myekundumyekundu. Akachanganya upya, ikawa na ukijani. Kufikia Jumamosi meza ilikuwa imejaa vifuniko vya soda vilivyopakwa majaribio ya kahawia, na babu alikuwa bado ameazima mikono ya mtu.

"Niliipata mara moja tu," shangazi alisema, "na sijui niliipataje. Nitaufuta na uso. Bora afanane na yeye mwenyewe, hata kama hafanani na baba."

Akalowesha pamba kwa dawa ya kufutia rangi. Mimi nilikuwa naosha brashi ambayo ilishatakata zamani. Ndipo bibi akaingia.

"Hebu nipe kwanza nimuage."

Akampokea. Lakini badala ya kumpeleka jichoni alimpeleka puani, akamnusa kama mtu anayepima maziwa.

"Mume wangu," alisema.

Nilidhani anazungumza na marehemu. Nikakumbuka kwamba katika nyumba ile cheo hicho ninacho mimi pia, tangu nizaliwe.

"Mume wangu mdogo, mbona mwenzako ananuka kama jikoni?"

Shangazi akageuka, pamba mkononi, miwani zote mbili zikinitazama. Nilivaa ule uso ninaomvalia mwalimu wa zamu taa za bweni zinapokutwa zinawaka usiku.

"Labda ni mafuta yake ya nywele, bibi."

"Alikuwa na kipara."

Nikasimama wima, mikono nyuma, kama tunavyosimama ofisini kwa mwalimu wa nidhamu.

"Shangazi, weka hiyo pamba chini. Ni mimi. Mlisema maji ya kunde, nikakutilia maji ya kunde. Ya sufuriani. Kwenye kikombe chako cha kuzimulia. Nilitaka ucheke, halafu hukunusa, halafu bibi akasema ndiye, nikaogopa."

Pamba ikawekwa chini. Shangazi alimtazama mama yake, na mama yake akanitazama mimi.

"Yalikuwa yameshatiwa chumvi?" bibi akauliza, tayari ameshika kikombe cha kuzimulia, anaelekea jikoni.

"Bado, bibi," nikakiri.