Uso wa Kwenye Kifuniko

Pale kambi ya wakimbizi ya Lukole, Speciose alijulikana kwa kijisanduku chake. Ukimwona mwanamke mwembamba anakatiza kati ya vibanda vya maturubai, kitu amekibana kwapani ndani ya kitenge, ujue kuna mgeni amefika na yeye anakwenda kumwuliza. Atamsalimia vizuri, atamwuliza habari za njiani, halafu atafungua kile kitenge.

"Hujakutana na mtoto wa kike anayefanana na huyu?"

Mgeni angetazama, angekodoa macho. Maana kwenye kifuniko, jamani, palikuwa na Mzungu! Mwanamke wa Kizungu wa zamani, nywele za mawimbi, shingo imeinama kidogo, macho makubwa meusi. Wala hakuchorwa kwa rangi. Alitengenezwa kwa vipande vya kioo vidogo kuliko punje za ulezi, vimepangwa kimoja kimoja mpaka vikawa mtu. Ukikisogeza karibu na pua humwoni, unaona punje tu. Ukinyoosha mkono anarudi, anakutazama.

"Mama Iteka, kumbe mtoto ulimzalia Ulaya!" Fideli, jirani yake, alimtania siku moja kwenye foleni ya maji, watu wakaangua kicheko.

Speciose hakucheka, wala hakukasirika. "Acha ngozi," alisema. "Tazama macho."

Na hakuwa anajisemea tu. Kwao Muyinga, ng'ambo ya mpaka, alimpikia padri mmoja mzee, Mwitaliano, na kile kijisanduku kilikuwa cha marehemu mama yake padri. Speciose alikifuta vumbi kila asubuhi, tumbo likiwa mbele. Iteka alipozaliwa na macho yale, padri alicheka mpaka akashika mbavu: huyu kamfuata bibi wa kwenye kifuniko! Padri alipougua na kurudishwa kwao, akamwachia Speciose kijisanduku, naye akawa anawekea rozari na vifungo.

Halafu ikaja ile Oktoba ya tisini na tatu, mauaji yakaanza. Mumewe, Niyongabo, aliuawa mbele ya nyumba yao. Speciose akakimbia na furushi kichwani, kijisanduku ndani yake, Iteka mkononi, mtoto ambaye hajang'oka jino hata moja. Walipofika mpakani upande wa Mugoma mvua inanyesha, risasi zinalia nyuma, watu wanasukumana. Mkono ule mdogo ukachomoka. Basi, ilikuwa hivyo tu. Alirudi nyuma akiita mpaka Ciza, rafiki wa mumewe, akamburuta kwa nguvu. Alipokuja kupata akili zake yuko Tanzania, furushi lipo kichwani, mtoto hayupo. Wapo waliomwuliza bila haya: umewezaje kupoteza mtoto ukabaki na sanduku? Swali hilo lilimtafuna miaka yote.

Wale wanaotafuta watoto waliopotea walimwomba picha. Picha ataitoa wapi, na nyumba ilichomwa moto? Akatoa kijisanduku. Binti wa ofisini akamwambia kwa upole, "Mama, tueleze tu kwa maneno mtoto yukoje." Speciose akaeleza: macho makubwa meusi, shingo inainama upande. Alieleza huku amekikazia macho kifuniko.

Balaa lilianzia hapo. Mtu akitazama uso mmoja asubuhi na jioni, ule mwingine unafifia, upende usipende. Mwanzoni Speciose alikuwa akifumba macho anamwona Iteka ananuna, anakimbiza kuku, anakula kwa mikono miwili. Baadaye akifumba macho alimwona Iteka ametulia tuli, shingo imeinama. Mwisho wake hakukumbuka tena magoti ya mtoto wala sauti yake. Alibaki na yale macho mawili ya kioo, na aliyapenda kwa moyo wake wote, maskini.

Miaka ikapita. Habari za mama mwenye kijisanduku, aliyempoteza mtoto mpakani Mugoma, zikatoka kambini, zikatembea magulioni, zikamfikia Koleta, mkulima wa Mbuba. Koleta na mumewe Gaspari hawakujaliwa kuzaa. Wakati wa vurugu zile Gaspari alikwenda msibani Mugoma, akaokota kitoto cha kike kwenye migomba, kimelowa chapachapa. Kilikaa muda mrefu hakitoi sauti, na kilipoanza kusema kilisema Kihangaza, lugha ya pale nyumbani. Wakakibatiza Domisiana. Sasa Koleta angenyamaza, nani angejua? Lakini alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu. Alilia jikoni peke yake, akanawa uso, akampaka binti mafuta, akamvalisha gauni la Krismasi, akamwambia wazi: "Tunakwenda kumwona mama yako."

Walimkuta Speciose anachambua maharage ya posho.

"Dada," Koleta alisema, "nimekuletea mtoto. Mwangalie."

Speciose aliinuka, maharage yakamwagika. Mbele yake alisimama msichana mrefu, miguu mikavu, kichwa kimenyolewa kama wanafunzi wote wa huku. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe. Mikono ya Speciose ilikitafuta kijisanduku yenyewe. Akakiinua kando ya shavu la mtoto, akatazama huku, akatazama kule, akarudia tena.

"Aliugua surua," Koleta aliharakisha kusema. "Ndiyo iliyomharibu jicho."

"Wangu ana macho mawili."

"Mama?" msichana alisema, kwa sauti ndogo sana.

Speciose hata hakumsikia. Alikuwa anatafuta ile shingo. "Siyo huyu," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Dada, Mungu akubariki kwa kutembea kote huko, ila huyu siye."

Koleta hakubisha. Tuseme ukweli, ndani ya roho yake alishukuru. Alimshika mtoto mkono, wakaondoka. Speciose akaketi chini, akawa anaokota maharage yake, amekata tamaa kupita siku zote.

Jua halijazama, Ciza huyu hapa, anakuja mbio. Alikuwa anatengeneza baiskeli karibu na njia ya kutokea kambini.

"Shemeji, hongera! Iteka kapatikana! Mbona wanaondoka naye?"

"Iteka gani?"

"Iteka wa Niyongabo! Nimemwona anatembea, nikadhani marehemu kafufuka. Ule mguu anavyoutupa! Nikamwita, nikamwuliza, unakumbuka nini cha kwenu? Ananiambia, analia, baba alikuwa na baiskeli yenye kengele mbili. Zile kengele nilizifunga mimi, shemeji! Kwani wewe hukumwuliza?"

Hapana. Hakumwuliza. Alikiuliza kifuniko, mtoto wake wa kumzaa akiwa amesimama pale anasubiri kuulizwa.

Alfajiri alielekea Mbuba, Ciza alikomwelekeza, bila kibali cha kutoka kambini, na kijisanduku alikiacha kwenye vumbi mbele ya kibanda. Njia nzima alijilazimisha kuuona uso wa mtoto aliyemfukuza jana yake. Akifumba macho anakuja yule Mzungu. Alijipiga kofi la shavu, mwanamke mzima, peke yake barabarani, na yule Mzungu hakuondoka.

Koleta alikuwa uani anatwanga. Alipomwona aliuacha mchi, akajua.

"Ni wangu," Speciose alisema.

"Nilikuletea, Mama Iteka," Koleta alisema. "Nilikuletea mpaka mlangoni kwako."

Mtoto akaitwa. Akatoka, akasimama mbali.

"Shikamoo."

"Marahaba," Speciose aliitikia, maana angeitikia nini kingine? Akapiga magoti pale uani. "Iteka, mwanangu, nilikosea. Macho yangu yalikuwa yameharibika kuliko lako. Baba yako alikuwa na baiskeli, wewe ulikuwa unakaa mbele, unapiga kengele zote mbili..."

"Ulisema siyo mimi."

"Nilikosea, mwanangu."

"Nilikuita, ukanyamaza." Alipoguswa mkono aliuvuta haraka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Koleta akamletea mgeni bakuli la uji, akamwomba avute subira, mtoto ni mtoto, atazoea. Kisha akaingia ndani kumbembeleza. Speciose alikaa kwenye mkeka, amelishika bakuli bila kunywa. Kupitia ukuta wa udongo aliwasikia wakinong'ona, halafu sauti ya mtoto ikapanda:

"Mama, yule mkimbizi ameondoka? Nina njaa."

Speciose akainuka polepole. Akauweka uji karibu na mlango, akaufunika na ungo usiingie inzi, akashika njia ili mtoto apate kutoka.