Pazia la Studio ya Mirongo

Daktari wa macho alimwambia baba yangu, mzee Muganyizi, kwamba presha ya macho imeshaharibu mengi. Kuona kulikobaki ni kwa miezi michache. Baba hakulalamika. Aliniomba kitu kimoja tu: picha ya ziwa, aitazame angali anaona.

Nilicheka moyoni. Mimi Kokulinda, mpiga picha wa mandhari, kazi zangu zimejaa kwenye kalenda na kuta za hoteli hapa Mwanza! Kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilimpelekea picha nne kubwa. Alizisogeza puani moja moja, akanirudishia.

"Nzuri. Ila hili ni ziwa la watalii."

"Ziwa si ni hilohilo, Baba!"

"Usinipandishie sauti. Ziwa letu nalijua."

Nilirudi ufukweni Bwiru mara tatu zaidi. Nikamletea machweo mekundu, ndege, mitumbwi, mawe yaliyopandiana. Kila mara alitikisa kichwa. Hasira zilinipanda nikataka kumwambia basi achore mwenyewe, na nashukuru nilifunga mdomo, maana kuchora ndiko kulikonilea. Miaka ya themanini alichora mapazia ya studio ya picha pale Mirongo. Watu kwa mamia walipigwa picha za kipaimara na harusi mbele ya ziwa lake la rangi.

Pazia moja lilikuwa bado stoo, limeviringishwa. Nikalitandaza uani. Lilinuka vumbi na mafuta ya taa, na mara nikawa na miaka saba, nimekaa kwenye sakafu ya studio nikimwoshea brashi. Jamani, nilivyokikumbuka kile chumba!

Nilipokua nililionea aibu lile pazia: mawe yote yamebanwa pembeni, katikati hakuna kitu. Sasa nililitazama kama fundi. Mstari wa maji ulikuwa chini, usawa wa magoti. Nikakumbuka alivyokuwa akisema kwamba maji yasimkate mteja shingo, kichwa chake kikae mbinguni. Mwanga ulitoka kushoto kwa sababu dirisha la studio lilikuwa kushoto. Nami miaka yote hiyo nilikuwa nikijaza picha kama kapu la sokoni.

Kesho yake asubuhi nilipiga magoti mchangani Bwiru, kamera chini, jua kushoto, mawe pembeni. Katikati nikaacha wazi. Iliniuma, maana nilishazoea kutafuta walau mtumbwi wa kuweka pale.

Baba aliishika picha kwa mikono miwili. Kidole chake kilipita kwenye mawe polepole, kikafika katikati, kikatulia.

"Ndiyo. Hapa ndipo."

"Mbona kwenye pazia katikati ulipaacha patupu, Baba? Kwa ajili ya wateja?"

"Wateja!" Akacheka. "Nilimchora mama yako amesimama hapo. Sura ikanishinda. Nikafuta, nikarudia, nikafuta tena, mwisho nikapaacha. Wateja walikuwa wanaazima tu."

Mama, Wilhelmina, tulimzika miaka sita iliyopita. Nilikaa karibu na Baba nikalia bila kujificha. Hakunibembeleza. Alikuwa ameinamia ile picha, jicho linakaribia kugusa karatasi.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," akasema. "Namwona."