Jino Lililolala Kaakaani

"Ulining'oa jino wewe!"

"Nilikung'oa kwa koleo? Lilikuwa linacheza!"

"Lilicheza baada ya ngumi yako!"

Fundi wa eksirei akachungulia kutoka chumba cha pili. "Jamani, hapa ni kwa daktari wa meno, si ulingoni."

Pengo akamgeuzia kaka yake mgongo, shingo bado imemtuna. Jina hilo alipewa na mtaa akiwa na miaka kumi, siku kaka yake alipomtwanga na jino la chonge la juu kulia likadondoka. Mama hakusikiliza mtu. Alimfungia kaka virago, akampeleka kwa mjomba miaka miwili akanyooshwe. Kaka aliporudi, Pengo akagundua siri: akitaka kitu anafungua mdomo tu, anaonyesha shimo, kaka ananywea. Baiskeli alipata hivyo. Viatu vipya hivyo hivyo. Hata leo, kuja kufungwa waya wa kunyoosha meno, kaka kamsindikiza kwa sababu hiyo hiyo.

Daktari, mama mmoja mpole wa miwani, akaibandika picha kwenye taa ya ukutani. "Mimi sifungi waya gizani. Lazima kwanza nione mizizi." Akainama. Akainama tena. "Nani kasema hili jino liling'olewa?"

"Huyu hapa!" Pengo akanyoosha kidole.

"Basi mbona lipo?"

Kalamu ya daktari ilikuwa imegusa kitu cheupe, kirefu, kimelala ubavu juu ya meno mengine kama mgeni aliyekosa kitanda. Pengo akabaki mdomo wazi, na safari hii hakuambiwa afungue.

"Lililodondoka ni jino la utoto," daktari akasema. "Umri ule lingetoka tu, ngumi isingengojewa. Hili la ukubwani lilipotea njia lenyewe. Mfupa hauna ufa wala alama. Ningevuta meno bila picha hii, ningeyagonganisha nalo."

"Kwa hiyo... hakuniharibu?"

"Hakuna aliyekuharibu, mwanangu."

Miaka tisa! Pengo akamgeukia kaka akitegemea atachekwa, atatukanwa, hata akipigwa kofi sawa tu. Kaka alikuwa anaiangalia picha bila kupepesa.

"Nililala jikoni kwa mjomba," akasema taratibu. "Miaka miwili. Nikiomba kurudi, mama anasema, mrudishie mwenzio jino kwanza."

"Kaka, wallahi sikujua. Nilikuwa mtoto."

"Na mimi nilikuwa nani, babu yako?"

Ulimi wa Pengo ukaenda wenyewe kwenye lile shimo, ukapapasa kaakaa. Kweli, kulikuwa na kauvimbe. Kumbe siku zote kalikuwepo.

Kaka akaibandua picha kwenye taa.

"We! Hiyo ni ya faili!" daktari akaruka.

"Nitairudisha, daktari. Kuna mama mmoja nyumbani hajaiona."

"Kaka, ngoja twende wote!"

"Wewe baki ufungwe waya."

Akatoka, akafunga mlango.