Betri Sita

Watu wa Pinga walimsifu Evode kwa wazo ambalo halikuwa wazo. Walisema ana kichwa huyu, ameona mbali, ameacha makelele ya mashine na kurudi kwenye mbao na nyuzi. Papa Yves, mtangazaji wa redio ya parokia, mtu wa mvi nyingi na maneno mengi zaidi, alimtaja hewani kuwa mwanamuziki aliyethubutu kuvua nguo za kuazima. Evode aliposikia hayo aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Wapi! Ilikuwa aibu. Ukweli ni kwamba Evode alikuwa anakiogopa kinanda chake mwenyewe.

Kabla ya kukimbilia huku Pinga, eneo la Walikale, yeye na dada yake mkubwa Françoise walikuwa Mweso, na walijiita Courant ya Mweso, yaani Umeme wa Mweso. Jina lenyewe lilikuwa utani, maana mtaani kwao hapakuwa na waya hata mmoja wa umeme. Courant yao ilitoka kwenye jenereta iliyokohoa kuliko bibi yao. Evode alipiga kinanda cha umeme, sinte kama wanavyokiita kule, kilichotoa ngoma, besi na tarumbeta peke yake, na Françoise aliimba huku amevaa miwani ya jua hata ndani ya ukumbi. Harusi za bonde lile zilikuwa zao. Nyimbo walikuwa nazo kumi na moja. Tatu zilipendwa. Nane zilibaki daftarini, kwa sababu kila walipozijaribu watu walirudi kwenye viti na kuulizia chakula.

Mmoja wa hizo nane uliitwa "Fungua Mama", wimbo wa mtoto aliyenyeshewa na anabisha mlangoni. Evode aliutilia sauti ya Mamy, binti wa pekee wa Françoise, wakati huo ana miaka minane. Alimsimamisha mbele ya kipaza sauti, akamwambia aite "eee" moja ndefu. Mtoto akaita, mwishoni akashindwa kujizuia akacheka, na kinanda kikameza vyote viwili. Tangu hapo ukibonyeza kitufe chochote anatoka Mamy. Vya kushoto vilimfanya mzito kama mlevi, vya kulia vilimfanya kifaranga, na cha katikati kilikuwa yeye mwenyewe kabisa. Siku ile nyumba nzima ilicheka hadi machozi. Mwaka uliofuata homa ilimchukua Mamy kwa siku tatu.

Kinanda kile kilikuwa cha bei rahisi, na kilikuwa na ila moja. Sauti uliyokifundisha ilikaa kwa nguvu ya betri sita kubwa zilizopangwa tumboni mwake. Ukitoa hata moja wakati jenereta imezimwa, kimeshasahau. Evode alimweleza dada yake jambo hilo baada ya mazishi, na kuanzia hapo Françoise akawa na kazi. Kila mwezi, ingawa betri mpya zingeweza kukaa hata miaka mitatu bila kuguswa, aliwasha jenereta, akabadilisha betri moja moja huku kinanda kinakula umeme, kisha akabonyeza kitufe cha katikati mara moja tu. "Eee," halafu kicheko. Basi, anakifunika. Sabuni iliweza kukosekana nyumbani mle, lakini betri hazikukosekana. Picha za Mamy zilikuwa kwenye simu, na simu ilichukuliwa kwenye kizuizi na watu wenye bunduki ambao hakuna aliyewauliza jina. Mtoto alikuwa amebaki ndani ya kinanda, na kwingine kokote hakuwepo.

Asubuhi waliyokimbia, mizinga ilianza watu wakiwa bado wanachota maji. Kinanda hakibebeki kichwani pamoja na unga na godoro, kwa hiyo walikificha kwenye ghala la jirani yao Munyakazi, shemasi mzee aliyekataa kuondoka, chini ya magunia ya maharage. Françoise alikifunika kwa kitenge chake mwenyewe. "Mapile ibaki mu tumbo yake," alimwambia Evode, yaani zile betri. "Usiguse." Kisha akamshika mkono mama yao, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, wakatangulia kwenda njia panda.

Evode alibaki nyuma, na hofu ikamwingia. Njia zilikuwa mbili. Moja ilishuka Kitshanga, nyingine ilielekea Kalembe na msitu. Moja kati ya hizo ilikuwa na vita, na redio yao ndogo ilikuwa imekufa betri. Alirudi mbio ghalani. Alisogeza magunia, akafunua kitenge, akafungua kifuniko. Redio ilihitaji mbili tu. Kwa haraka akazoa zote sita. Redio ikazungumza: njia ya Kitshanga imefungwa, watu wanakufa huko. Akakimbia mpaka njia panda, akawakuta dada yake na mama wamesimama upande wa Kalembe, chini ya ukingo, akashukuru kuwa wamepata pa kujikinga. Akawaambia twende huku. Françoise akauliza mapile yametoka wapi. Akasema kwa Munyakazi.

Tangu siku hiyo, huu ulikuwa mwaka wa pili, Evode aliishi na neno moja la kujitetea: niliwaokoa. Alilala nalo na kuamka nalo. Wapo majirani walioshika njia ya Kitshanga na hawajaonekana tena. Yeye alimuuza mtoto aliyekufa ili awanunue walio hai, na nani angemlaumu? Lakini kama hakuna wa kumlaumu, mbona hakuweza kusema?

Kila mara Françoise aliposema, "Njia ikifunguka tutaenda kuleta sinte," Evode alibuni sababu. Mwishowe akabuni muziki. Alipata gitaa lililopasuka, akaliziba kwa gundi ya matairi ya pikipiki, akamwambia dada yake kwamba mashine imepitwa na wakati, sasa ni muziki wa mbao. Na ili asikumbushwe kinanda, aliziacha zile nyimbo tatu za harusi akachukua zile nane zisizojulikana, akazivua ngoma na tarumbeta, zikabaki na gitaa, kidumu cha mafuta kilichopigwa kwa kiganja, na koo la Françoise.

Mambo yakawaka. Kwa nyimbo zile zile zilizokuwa zinawarudisha watu kwenye viti, sasa watu walikaa vitini wakalia. Wakimbizi kutoka Mweso, wachimbaji waliotoka Rubaya na vifua vibovu, akina mama wa msituni ambao hawakuwahi kusikia habari za Courant yoyote, wote walijaza ukumbi wa parokia. Saba kati ya nane zilikuwa tayari. Wa nane, "Fungua Mama", Françoise aliukataa kila alipoombwa.

"Ule wimbo unangojea mwenye nayo," alisema. "Sinte ikifika, tutaipiga na Mamy."

Basi Papa Yves, kwa wema wake, akafanya jambo. Alisikia kwamba pikipiki zimeanza kupita, akampigia Munyakazi simu, akapanga na mwendesha pikipiki, wala hakumwambia mtu. Jumamosi mchana, Evode akikaza nyuzi kwa ajili ya kurekodi kwenye redio ya parokia, pikipiki iliingia uani ikiwa na mzigo mrefu umefungwa kwa turubai la plastiki. Evode aliutambua kabla haujafunguliwa. Akatamani aketi chini, pale pale matopeni.

"Dada Françoise!" aliita Papa Yves, meno yote nje. "Kuya uone mugeni!"

Françoise alitoka, akaona kitenge chake. Aligusa kona moja ya kinanda, akakibeba mwenyewe hadi ndani, akakilaza mezani kwa namna mtu anavyomlaza aliyesinzia. Alikipindua taratibu akafungua kifuniko cha tumboni. Betri sita zilikuwa zimekaa mahali pake.

"Yesu," alisema, na machozi yakamtoka. "Iko yote."

Evode alitazama zile betri akiwa haelewi. Zilikuwa mpya, zinang'aa. Halafu akaelewa. Munyakazi, mzee wa watu, alikuta tumbo tupu akalijaza, ili chombo cha watoto wa jirani kisisafiri na njaa. Kwa pumzi moja hivi Evode alitamani sana muujiza. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, anajua kifaa kile kuliko mtu yeyote, na bado aliomba Mungu.

Françoise alikiwasha. Alitafuta namba ya sauti ya Mamy, vidole vyake vikiikumbuka bila kutazama. Akabonyeza kitufe cha katikati.

Kinanda kilikaa kimya. Akabonyeza tena. Akabonyeza cha kulia, cha kushoto, kisha vitano kwa pamoja. Alipobadilisha namba, tarumbeta ya kiwandani ikalia kwa nguvu hadi watu waliokuwa uani wakashangilia. Alirudi kwenye namba ya Mamy na kimya kikarudi.

"Papa Yves, nipe simu," alisema. "Mupigie Papa Munyakazi. Weka sauti kubwa, tusikie sisi yote."

Sauti ya mzee ilikuja kwa mikwaruzo, ina furaha. "Mama Mamy! Imefika muzuri?"

"Imefika. Papa, hii mapile iko ndani, njo wewe uliitia?"

"Njo mimi. Nilisema isikuye na tumbo bule."

"Na ile ya zamani? Njo wewe uliitoa?"

Mzee akanyamaza. Evode alikuwa amesimama hatua tatu kutoka mezani, na kimya kile alikisoma chote. Munyakazi alikuwa anaona ghala lake, kifuniko kimening'inia, kitenge kimefunuliwa, na nyayo za kijana mmoja tu kwenye vumbi la maharage. Mzee alijua. Huenda alijua tangu siku ile ile.

"Ee, mama," alisema Munyakazi polepole. "Njo mimi niliitoa. Sikujua kama kuko kitu ndani. Unisamehe, mutoto wangu. Mimi ni muzee, sina akili ya mashine."

Françoise hakumtukana. Ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Papa, nilikuachia mutoto mumoja, na hata ule hukumuchunga," akaikata simu.

Hapo Evode hakuweza tena. Hakuna ushujaa wowote katika hili, asiandikiwe. Alikuwa amebeba uongo wake miaka miwili na ulikuwa umemzoea, lakini kumsikia mzee wa miaka sabini akiubeba kwa hiari yake, huko aliko, bila hata kuombwa, kulimshinda.

"Dada. Haiko yeye. Ni mimi."

Françoise aligeuka.

"Siku ya kukimbia. Redio ilikuwa imekufa. Nilirudia kutoa mapile, nisikie njia gani iko muzuri. Bila vile tungelishuka Kitshanga, dada. Tungelikufa sisi yote. Nilifanya vile sababu ya mama. Sababu yako."

Aliyasema haraka, maneno aliyokuwa ameyapanga kwa miaka miwili, na yalipomalizika aliona kuwa kwa nje ni machache sana. Papa Yves alikuwa ameshika kofia yake mikononi, hajui atazame wapi.

"Redio inakulaka mapile ngapi?" Françoise aliuliza.

"Mbili."

"Na ulitoa ngapi?"

"Sita."

Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Kisha akauliza tena, na sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Evode.

"Wakati ulifika ku njia panda, ulitukuta tumesimama wapi?"

"Upande wa Kalembe. Chini ya ukingo."

"Na ulizania tunafanya nini kule?"

"Munajificha."

"Mama Uwitonze alipita na redio yake ku kichwa, inalia kwa nguvu," alisema Françoise. "Muji muzima ilisikia. Kitshanga imefungwa, imefungwa, ilisema ile tu. Tulikuwa tumeshajua njia, Evode. Tulikuwa tunakungojea wewe."

Mvua ilianza kudondoka juu ya bati. Evode alimwona mama yao tena, amesimama chini ya ule ukingo, mzigo kichwani, uso umeelekea Kalembe. Alikuwa ameitazama picha hiyo mara elfu na hakuwahi kujiuliza kwa nini wamegeukia huko. Lile neno lake la kujitetea alilitafuta na hakulipata. Akashika meza.

Françoise alizima kinanda, akakifunika kitenge. Aliomba simu ya Papa Yves kwa mara ya pili, akampigia Munyakazi, akamwambia, "Papa, unisamehe wewe," na kwa muda mrefu akasikiliza bila kusema kitu. Alipomaliza, alivuta kiti mbele ya kipaza sauti cha kurekodia.

"Piga 'Fungua Mama'," alisema bila kumtazama ndugu yake. "Na ile gitaa."

Evode alipiga. Vidole vilimkosea mara mbili na hakuna aliyesimamisha. Walipofika mahali pa sauti ya Mamy, Françoise alifumba mdomo na kuinua kiganja, na Evode akaachia nyuzi. Walikaa hivyo kwa urefu wa "eee" moja na kicheko, mvua tu ikisikika, halafu akashusha kiganja wakaendelea hadi mwisho.

Redio ya parokia inaupiga wimbo huo kila Jumapili baada ya misa. Watu wa Pinga wanaupenda kuliko yote, na hasa pale katikati. Wanamsimamisha Evode sokoni kumpongeza, wanamwambia ni wanamuziki wachache wanaojua mahali pa kunyamaza. Yeye husema aksanti, akaendelea kutembea. Nyumbani, Françoise humwekea chakula chake mezani kila jioni, hukifunika vizuri kisipoe, na tangu Jumamosi ile hajamsemesha.