Mto wa Kukoholea

Kidonda changu ni kidogo, kiko chini ya titi la kulia, kati ya mbavu. Daktari alipitia hapo kutengeneza vali ya moyo bila kunipasua kifua chote. Nyumbani, udogo huo ndio ulioniponza.

"Kumbe ni mkwaruzo tu!" wifi yangu alicheka. "Kaka yetu mkubwa walimpasua kama gunia, na hata chozi hakutoa."

Muuguzi alikuwa amenipa mto mdogo wa kukumbatia ninapokohoa. "Meza dawa za maumivu kwa saa zake, mama. Usisubiri uumwe. Ukiumwa hutakohoa, na usipokohoa mapafu yatajaa."

Hakujua ninaishi na nani. Kwetu dawa ni kama chumvi, haina mwenyewe. Mume wangu alimeza zangu kwa ajili ya mgongo, wifi kwa ajili ya goti. Jumapili nilipofungua chupa, nilikuta pamba tu.

"Zimekwenda wapi?"

"Si tulionja tu," mume wangu akasema. "Mama watoto, wewe umeshatengenezwa. Mgongo wangu nani kautengeneza?"

"Basi nendeni duka la dawa."

"Leo limefungwa," wifi akadakia. "Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

Nikavumilia. Mimi ni fundi nguo, sindano naijua; kila pumzi ilikuwa sindano ya cherehani ikipita ubavuni. Nikaacha kuvuta pumzi ndefu. Nikaacha kukohoa. Homa ikapanda, nikarudishwa hospitali kwa machela.

Daktari akauliza kwa nini sikumeza dawa. Wale wawili wakanikazia macho niwasitiri.

"Waulize hawa," nikasema. "Mgongo na goti vinaendeleaje?"

"Wifi! Ya ndani unayaanika kwa watu?"

"Yaliyo ndani ni maji, wifi. Yako kwenye mapafu yangu."

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilifumua mshono wa ule mto, nikashona zipu, nikaficha vidonge ndani ya sufi. Nalala nao, nakohoa nao, naenda nao chooni.

"Siku hizi unaukumbatia mto kuliko mumeo," mume wangu akanitania jana.

"Mto haumezi dawa zangu."

Akacheka mpaka akashika mgongo. Mimi sikucheka. Kucheka bado kunauma, na saa ya kidonge ilikuwa haijafika.