Orobi Inaongozwa na Nani

Mimi si mjinga. Nasema hili mapema kwa sababu mji mzima umeshaamua vinginevyo, hadi yule mama anayechoma viazi vikuu pale kona. Jumatatu aliniuliza, "Eti Mheshimiwa, na mji wetu huu unaongozwa na chama gani?" Akacheka na wateja wake mpaka akashikilia meza.

Kisa chenyewe ni mdahalo wa mchujo, ndani ya ukumbi wa kanisa, redio ikirusha moja kwa moja. Chama chetu cha Jembe kilitaka mtu mmoja wa kugombea useneta. Tulibaki wawili: mimi, Akosu, miaka sitini na minane, na wakili mmoja kijana aitwaye Terngu, mwenye viatu vya ncha kali utadhani anakwenda kuchomea mishikaki. Mtangazaji akaniuliza kwa nini watu waichague Jembe.

"Watazameni wenzetu wa jimbo la Orobi!" nikanguruma. "Chama cha Kibuyu kimewaongoza miaka sita na hata daraja hawana. Gavana wao ni mwizi wa mchana kweupe!"

Ukumbi ukanyamaza. Mimi nikadhani nimewagusa, nikaongeza chumvi. "Nendeni Kwanga, jimbo letu sisi wa Jembe, mkaone barabara!"

Terngu akainuka taratibu, akaliweka sawa joho lake. "Mzee wangu, kwa heshima zote. Gavana wa Orobi alihamia kwetu tangu mwaka jana. Wa Kwanga naye alitukimbia mwezi uliopita. Mzee amemtukana ndugu yetu, akamsifu adui yetu." Kisha akanyoosha mkono kwenye viti vya mbele. "Na mjumbe wa Gavana wa Orobi huyu hapa, tumemkaribisha kwa kokwa ya kola sasa hivi."

Jamani, kicheko kile! Mjumbe peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika kipande chake cha kola. Akakirudisha kwenye sahani bila kukiuma, akatoka. Kwetu, mgeni akiirudisha kola, hakuna aliye tayari kucheka tena.

Sasa mnataka kujua niliyatoa wapi makosa yale. Niliyatoa ukutani kwangu.

Sebuleni nina bango la magavana, kama yale yanayouzwa stendi, sura zote zimepangwa na alama ya chama chini ya kila sura. Bango la namna hiyo halimalizi miezi mitatu, maana magavana wetu wanahama vyama kama wapangaji wakorofi. Lakini la kwangu lilikuwa sahihi siku zote. Mke wangu, Mbakeren, alikuwa anasikiliza redio asubuhi, na akisikia fulani kahama, anakata alama mpya gazetini na kuibandika kwa uji wa muhogo juu ya ile ya zamani. Miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa nainua macho tu, nasoma, naenda kubishana na watu.

Mbakeren alifariki Januari ya mwaka jana. Hakuna aliyebandika kitu tena, na mimi, ole wangu, sikuliwaza hilo hata mara moja. Kabla ya mdahalo nilisimama mbele ya bango nikalikariri lote. Kila nilichosema pale ukumbini kilikuwa kweli siku alipokuwa hai.

Na niwaambie jambo jingine, maana nimechoka kujifanya. Useneta wenyewe siutamani kihivyo. Niligombea kwa sababu nyumba ya mgombea haikosi watu. Tangu nichukue fomu, viti thelathini vya plastiki uani vilikuwa vinajaa toka asubuhi. Nilikuwa nalala nimechoka, silali nikisikiliza kuta.

Kesho yake baada ya mdahalo viti vyote vilikuwa vitupu. Alibaki Nguwasen, binti wa mdogo wake Mbakeren, anayeniandikia barua na kunipikia. Alinitwangia viazi vikuu, akaketi mbele yangu.

"Kula, Baba. Wakichoka kucheka watanyamaza wenyewe."

"Hawatachoka, hawa."

"Basi kula wakiwa wanacheka."

Jumanne akaja Chifu Anakaa, mwenyekiti wa chama. Hakukubali hata kuketi. "Akosu, njia ni moja. Sema redioni kwamba huyu msichana wako wa barua ndiye aliyekuandikia vibaya habari za magavana, ukamwamini, na umemfukuza. Nikipeleka neno hilo Orobi, yataisha."

"Hakuandika kitu yule."

"Nani anajua?"

"Anajua yeye."

"Basi kaa naye. Leo jioni napeleka jina la Terngu."

Nguwasen alikuwa jikoni, mlango wazi. Mchi ulikuwa umenyamaza. Nilitazama jikoni, nikatazama uani kwenye vile viti. Kisha nikachukua kofia yangu.

Redioni nikasema vile vile nilivyofundishwa. Mtangazaji, mjanja yule, akampigia simu Nguwasen papo hapo, mji wote ukisikia. "Dada, ni kweli?"

"Ni kweli. Niliandika mimi."

Nilirudi nyumbani mbio, uzee huu. Nikamkuta anafunga begi. "Mwanangu, hii siasa tu. Uchaguzi ukipita nitakurudisha."

"Mama mkubwa alinisihi nisikuache peke yako," akasema, wala hakupandisha sauti. "Sikukuacha, Baba. Umeniacha wewe." Akapita mlangoni na begi lake.

Chifu akapeleka neno Orobi, na Jumamosi nikashinda mchujo. Viti havikutosha, watu wakakalia ngazi na ndoo, wakala, wakaniita Seneta. Nilimuuliza jirani yangu pale mezani jina lake. Akacheka. "Seneta, miezi mitatu nakula kwako hunijui?"

Nikaingia chumbani, nikampigia Nguwasen. Simu ikaita. Uani walikuwa wameanza kuimba jina langu, ngoma juu, nikafungua dirisha nikawafokea wanyamaze, nyamazeni ninyi, nisikie kama amepokea. Wakanyamaza wote. Hakuwa amepokea.