Saa Moja ya Mama Esteri

Safina alikuwa fundi wa kompyuta mwenye maringo kidogo, na Kibondo walimvumilia kwa sababu kazi yake ilikuwa safi. Siku hiyo maringo yalimtokea puani.

Esteri alimletea flashi. Ndani mlikuwa na sauti tano za marehemu mama yake, Uwimana, aliyejirekodi akiwa mgonjwa, siku moja tu, tarehe kumi na nne Machi, akimwusia bintiye mambo ya ndoa. Harusi ya Esteri ilikuwa Jumamosi hiyo, Kasulu. Fundi mwingine alipoyahamisha mafaili kutoka kwenye simu mbovu, yote yalishika tarehe ya kuhamishwa na mpangilio ukapotea. Yalibaki majina aliyoyaandika mama mwenyewe: saa 3, saa 5, saa 8, saa 10, saa 1.

"Kitu kidogo hicho, mdogo wangu," Safina alisema.

Kila faili hubeba nyakati mbili, ule lilipobadilishwa mwisho na ule lilipofunguliwa mwisho, na programu inaweza kuuomba mfumo wa kompyuta uziandike upya. Safina akaandika mistari sita: soma saa kwenye jina, uombe mfumo, panga. Akabonyeza.

"Nimemaliza, mwana wanje. Genda amahoro," sauti ilianza, ikimuaga mwanawe kwa Kiha aende kwa amani. Faili la pili likafuata: "Haya Esteri, kaa, tuanze."

Esteri alijifunika uso kwa kitenge. "Shangazi alisema mama alikuwa ameshachanganyikiwa. Nilimbishia mpaka tukanuniana, dada. Kumbe kweli."

Roho ilimuuma Safina. Akalirudia lile faili la kwanza, na safari hii akasikia, mbali nyuma ya sauti ya mgonjwa, adhana.

"Ngoja! Adhana ya saa moja ni ya magharibi. Ya alfajiri inakuwa imepita zamani." Akajipiga paji la uso. Yeye, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa ameiambia kompyuta "moja", na moja ya kompyuta ni saa saba usiku. "Aliyechanganyikiwa ni mimi, Esteri. Mama yako alihesabu saa kama watu."

Akaongeza saa sita kwenye mafaili manne, na kumi na nane kwenye lile la jioni. Sasa Uwimana alianza kwa "kaa, tuanze", akapitia habari za mama mkwe na vyungu vyake hadi Esteri akacheka huku machozi yakimtoka, akaishia na "genda amahoro" adhana ikilia.

"Na wakati wa kufunguliwa? Niuweke Machi pia?" Safina aliuliza.

"Huo uache, dada. Leo ndiyo nimemsikia."

Safina akauacha. Faili la mwisho likasomeka: limebadilishwa 14 Machi, 19:00, limefunguliwa leo.

Esteri alitoa simu yake, akapiga, akangoja ipokelewe.

"Shangazi," alisema, "kaa, tuanze."